Mazungumzo ya Juma: Ada ya Kupenda Timu

Wasomaji wangu, siku ya soko iliyopita nilikuwa Keroka nikitafuta miche ya kabichi, na mama mmoja ninayemfahamu akanisimamisha njiani. Aliweka kikapu chake chini, akanisalimu kwa heshima, kisha akaniuliza swali ambalo sijapata kuulizwa tangu nianze kuandika ukurasa huu.

"Mwalimu," alisema, "wewe na baba watoto wangu huenda uwanjani pamoja. Shabana ikishindwa, nyumbani kwangu twala chakula kimya kama watu wa matanga. Ikishinda, baba watoto hurudi usiku na mfuko mtupu, maana amewanunulia vinywaji rafiki zake wote. Basi niambie, mimi niombe nini? Ishinde au ishindwe?"

Nilicheka, na waliokuwa karibu wakacheka. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani kicheko kiliniisha, kwa kuwa nilitambua ya kwamba mke wangu naye aweza kuniuliza swali hilo hilo. Basi juma hili nataka kulijibu mbele yenu nyote.

Zamani sifa yetu Wagusii katika michezo ilikuwa mbio. Nyantika Maiyoro alikimbia mita 5,000 katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 akawa wa 7, na katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akawa wa 6. Kisha Naftali Temu akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu, katika mita 10,000, huko Mexico mwaka 1968. Mbio zile za Temu hazikutimia hata nusu saa. Mshangiliaji wa mbio hupata furaha yake au huzuni yake upesi, akaenda zake kukamua ng'ombe. Mshangiliaji wa mpira hana bahati hiyo. Mchezo wake hauishi. Kila Jumamosi au Jumapili huanza upya.

Katika miaka ya 1980 Shabana ilikuwa timu ya kuogopwa. Henry Motego, mshambuliaji wake, aliitwa hata katika timu ya taifa, na vijana wa vilima vyetu waliokuwa wakicheza kwa mipira ya majani ya migomba walijiita kwa jina lake. Lakini mambo ya dunia hayakai mahali pamoja. Mwaka 2006 timu ilishuka kutoka Ligi Kuu, na haikurudi mpaka mwaka 2023. Hesabuni wenyewe: miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa huzuni alikuwa kijana wa shule ya sekondari siku timu iliporudi, naye hakuwa amepata kuiona hata mara moja miongoni mwa wakubwa.

Katika miaka hiyo 17 hapakuwa na sifa yoyote ya kupenda Shabana. Timu zilizokuja kucheza nayo zilikuwa zile ambazo majina yake hayakusikika katika redio. Hata hivyo watu walikuja. Walitoka Suneka na Ogembo, wakatoka Nyamira, Kebirigo na Ekerenyo, wakakaa juani au katika mvua yetu ya alasiri, wakaimba. Nyamira na Kisii ni kaunti mbili, kila moja ina gavana wake tangu mwaka 2013. Lakini ndani ya Uwanja wa Gusii sijapata kumsikia mtu akimwuliza jirani yake ametoka kaunti gani, wala ni wa ukoo gani. Basi siku timu iliporudi katika Ligi Kuu, furaha ile haikuwa ya watu walioipata bure. Ilikuwa kama furaha ya mkulima wa chai, ambaye hupanda mche, akaupalilia kwa miaka mitatu hivi, akacheka siku anapojaza kikapu chake.

Sasa nitakiri kosa langu, ili mtu asiseme kwamba mwalimu hufundisha asiyoyatenda.

Mwaka mmoja, baada ya timu kurudi, nilipokea bonasi ya majani ya chai. Mke wangu nami tulikuwa tumekwisha kuigawa katika karatasi: mbolea kiasi hiki, karo ya mtoto kiasi hiki, dawa ya ng'ombe kiasi hiki. Shabana ilikuwa inacheza Nairobi, mwendo wa kama kilomita 300. Nilijiambia, "Nitachukua kidogo tu katika fungu la karo, nami nitakirudisha mwisho wa mwezi." Kidogo kile kilikuwa nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, chakula, na fulana mpya ya timu, ingawa ya zamani ilikuwa haijachakaa.

Tulikwenda tukiimba. Timu ikafungwa bao moja dakika za mwisho, na tulirudi usiku kwa njia ya Narok bila mtu kusema neno. Nilifika kwangu asubuhi. Nilimkuta mwanangu amekaa kizingitini, naye amevaa sare ya shule. Alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya salio la karo. Aliinuka, akanipokea mfuko wangu, akaniuliza, "Baba, tumeshinda?"

Wasomaji wangu, nimekwisha kuona timu yangu ikifungwa mara nyingi, lakini sikupata kushindwa kama nilivyoshindwa asubuhi ile. Mke wangu hakunigombeza. Alitandaza ile karatasi ya hesabu juu ya meza, akaenda shambani.

Je, nikaacha mpira? Sikuacha, wala siwaambii ninyi mwache. Mtu anayefanya kazi juma zima, akipinda mgongo katika shamba au juu ya daftari za ofisi, ana haki ya kuwa na kitu cha kumpandisha moyo. Tena mpira wafundisha jambo ambalo shule hazifundishi kwa urahisi. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyeshuka na timu yake mwaka 2006 akapanda nayo mwaka 2023 ajua maana ya methali hiyo kuliko aliyeisoma kitabuni. Lakini kupenda timu kuna ada yake, na yafaa ada hiyo ilipwe na yule apendaye, isilipwe na mtoto wake.

Kwa hiyo nina mashauri matatu.

Kwanza, pigeni hesabu kabla msimu haujaanza. Ligi Kuu yetu ina timu 18, na kila timu hucheza michezo 34: 17 nyumbani na 17 ugenini. Mtu wa mapato ya kadiri hawezi kuifuata yote. Chagueni ile ya nyumbani, pengine na miwili mitatu ya ugenini, mkaiwekee fungu lake, na fungu hilo likiisha, sikilizeni redio. Shabiki wa redio ni shabiki pia.

Pili, jihadharini na kamari. Simu ya mkononi imeileta mpaka jikoni. Mtu aliyeweka fedha juu ya mchezo haitazami tena timu yake. Aitazama fedha yake inavyokimbia. Nimewaona vijana ambao timu yao imeshinda, nao wakaondoka wakilia kwa sababu haikushinda kwa mabao waliyoyataka.

Tatu, tuzuie mikono na vinywa vyetu. Mwamuzi ni mtu, naye hukosea kama karani akoseavyo hesabu. Jiwe likirushwa uwanjani halimrekebishi, bali laiponza timu yetu wenyewe. Nani apendaye shamba lake akalitia moto kwa sababu ya gugu moja?

Juma hili nilimwona tena yule mama, nikamwambia, "Mama, omba Shabana ishinde, maana furaha ya watu wengi ni jambo jema. Lakini fedha za nyumba na zikae kwako mpaka mchezo uishe."

Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Na za kwako, Mwalimu, hukaa kwa nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilipofika nyumbani nilimpa mke wangu kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Aliipokea, akaifunga katika pindo la leso yake, akaniuliza Shabana inacheza lini. Nikamwambia, Jumapili, hapa hapa nyumbani. Akasema, "Basi Jumapili nitakupa nauli na kiingilio, cha watu wawili. Mtoto naye ataka kwenda."