Sanduku la Nguo la Karani



Katika mikutano yetu tumezoea kunena juu ya mishahara, nyumba, vyeo na uhamisho, nayo ni mambo yapasayo kunenwa. Lakini liko jambo moja ambalo hatulitaji mkutanoni, ijapokuwa kila mwisho wa mwezi twalinong'ona mlangoni mwa ofisi, nalo ni deni la nguo. Tumeona vyema kuliandika hapa, hali tukijua ya kuwa wengine watacheka na kuuliza, je, chama cha watumishi kimegeuka chama cha mafundi cherehani? Na wacheke, mradi wasome mpaka mwisho.

Tuanze na kosa letu wenyewe, mtu asije akadhani twahubiri juu ya dhambi za wengine. Tulipopata kazi ya kwanza, kabla hata ya mshahara wa pili, alikuja ofisini mchuuzi mmoja na furushi la nguo, kama wajavyo hata leo, akakunjua koti la rangi ya kahawa, zuri ajabu, akasema, "Chukua tu, bwana mdogo, utanilipa kidogo kidogo." Tukachukua. Wazee walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini siku ile methali ilitupotea. Koti lilipofika nyumbani tukaona halipatani na suruali zetu mbili, moja nyeusi na moja ya buluu. Basi tukanunua suruali ya rangi ya maziwa. Suruali ile ikakataa viatu vyeusi. Tukanunua viatu vya hudhurungi pamoja na mkanda wake. Shati letu la milia likagombana na koti, tukatafuta jingine. Kwa muda wa miezi minane tulikuwa tukimlipa mtu yule, na katika miezi hiyo mara mbili tulipeleka nyumbani pungufu ya ada ya shule ya mdogo wetu, tukamwambia mama kwamba tuliugua. Na koti lenyewe hatukulivaa sana, maana mtu akivaa koti la rangi ile Jumatatu, ofisi nzima hulikumbuka hata Ijumaa.

Mama aliuza kuku wawili akamalizia ada ile. Habari hiyo tuliipata baadaye, kwa kinywa cha mtu mwingine.

Tangu hapo tumezigawa nguo zote za dunia katika mafungu mawili. Kuna nguo inayopatana na zile ulizo nazo sandukuni, na kuna nguo inayodai nguo nyingine. Hii ya pili bei yake si ile aliyoitaja mchuuzi. Bei yake ni pamoja na suruali, viatu, mkanda na shati vitakavyoifuata, na pengine kuku wawili wa mama.

Hebu tupige hesabu, tena nyepesi. Karani mwenye suruali 3 na mashati 5, ikiwa kila shati lapatana na kila suruali, ana mavazi 15. Akiongeza koti moja linalokubali suruali zote, basi kwa siku za koti na siku zisizo za koti anayo mavazi 30, kwa nguo 9 tu. Mwenzake ana suruali 6 na mashati 10, lakini kila shati lina suruali yake moja tu linayokubaliana nayo. Huyu ana nguo 16 na mavazi 10. Tena ndiye anayelalamika kila asubuhi kwamba hana cha kuvaa, naye hasemi uongo.

Basi tatizo ni rangi kuliko wingi. Ushauri wetu ni huu: chagua kwanza viatu, maana viatu vizuri ndivyo vyenye bei kubwa na ndivyo vinavyodumu. Sisi twapendelea vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, na mkanda mweusi. Halafu koti na suruali ya buluu iliyokoza, vilivyokatwa katika jora moja siku moja. Hapa wengi hukosea: hununua koti la buluu leo, na suruali ya buluu mwezi ujao, wakidhani buluu ni buluu. Sivyo. Buluu mbili zisizo za jora moja zikivaliwa pamoja huonekana kama jozi iliyokosewa gizani. Suruali ya pili iwe ya kijivu, ya tatu ya khaki, nazo zote mbili zitalikubali koti lile. Mashati mawili meupe, mawili ya samawati nyepesi, na moja la milia myembamba. Tai mbili zatosha. Mwenye uwezo amwambie fundi akate suruali mbili katika kitambaa cha koti, kwa sababu suruali hufa kabla ya koti. Sisi hukalia suruali zetu saa nane kila siku, bali koti hukalia msumari nyuma ya mlango.

Kitambaa nacho kina maneno yake. Karani wa Dar es Salaam au Tanga akivaa shati la nailoni au la poliesta tupu, jasho halina pa kwenda, na kufikia saa sita mchana wenzake wanalijua. Pamba hunywa jasho na kupitisha hewa, ila hukunjamana upesi na kurudi ikifuliwa. Kwa hiyo kitambaa cha pamba kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ndipo kirudi mikononi mwa fundi kuliko kurudi kifuani mwako. Pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo hukunjamana kidogo, nayo yafaa kwa mtu anayesafiri. Wala tusisahau kwamba siku hizi kusafiri ni jambo la kawaida. Tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali yahamia Dodoma, watumishi wengi wameyajua majira mawili: joto la unyevu la pwani, na ubaridi wa upepo na vumbi wa Dodoma asubuhi za Juni na Julai. Mtu mwenye nguo nyingi zilizoandaliwa kwa mji mmoja, barua ya uhamisho humkuta hana nguo. Lakini koti la sufu nyepesi lisilo na bitana nzito huvaliwa Dodoma asubuhi, na hubebwa mkononi Dar es Salaam bila aibu.

Wengine watatujibu kwamba heshima ya kazi yataka mavazi mengi. Twawaomba wakumbuke tulikotoka. Mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilipoanzishwa Tanga, chini ya uongozi wa Martin Kayamba na wenzake, pwani ile kanzu safi na kofia vilikuwa vazi la heshima, na wengi waliosoma katika shule za misheni walifuata koti na suruali. Kanzu nyeupe haikudai kitu kingine ila sabuni. Baada ya Uhuru wa 1961 ikaja suti isiyo na tai, ile iliyokuja kuitwa Kaunda suti kwa jina la Kenneth Kaunda, aliyekuwa Rais wa Zambia tangu 1964 hata 1991. Sisi tunaipenda suti hiyo, ya mikono mifupi hasa. Haihitaji tai, haihitaji shati, na fundi wa mtaani aiweza. Kasoro yake ni kwamba juu na chini ni kitambaa kimoja, hivyo huhesabika vazi moja tu, ila suruali yake yaweza kuvaliwa na shati jeupe siku nyingine. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliikataza bungeni, pamoja na mavazi ya kienyeji. Wenyewe wana sababu zao, lakini tulisikitika, kwa kuwa vazi lile ni mojawapo ya machache yaliyoshonwa kwa kufikiri jua letu na mfuko wetu. Kwetu waraka wa Serikali wa mwaka 2007 juu ya mavazi ya watumishi wa umma wakataza nguo za kubana, fupi, na zinazoonyesha mwili. Haumtaki mtu kuwa na makoti sita.

Tulipowaonyesha mabibi wawili wa ofisini kwetu hesabu yetu ya mavazi 30, walicheka sana. Mmoja akasema, "Ninyi wanaume mkivaa suruali ile ile wiki nzima hakuna anayeona. Sisi tukirudia gauni mara mbili tunaulizwa kama kuna msiba." Neno lile lilituchoma, kwa maana ni kweli, nasi wanaume tu miongoni mwa waulizao. Akatueleza ya kuwa mzigo wake mkubwa si nguo za kazini, ni sare: sare ya harusi ya huyu, sare ya kumwaga binti wa yule, sare ya kikundi. Kitambaa hununuliwa kwa bei ya kamati, fundi hulipwa kwa haraka, na gauni huvaliwa usiku mmoja. Tena kukataa hakuwezekani, kwa kuwa kesho yake nawe una harusi yako. Lakini bibi huyu ana dawa yake, nayo tunaisifu. Kila sare hushona sketi na blauzi mbali mbali, wala si gauni zima. Usiku wa harusi huvaa vyote viwili, watu wakaona sare. Jumatatu huvaa sketi ile na blauzi nyeupe, au blauzi ya kitenge na sketi yake nyeusi, akaja kazini. Alisema tangu aanze hivyo hajanunua sketi ya ofisi. Tungekuwa wanakamati tungeuliza daima, kabla ya kuchagua kitambaa, je, hiki kinavalika mchana?

Juu ya mitumba tutasema machache, maana kila mtu ana rai yake. Sisi hatuoni aibu. Shati la pamba nzuri la mtumba hulishinda jipya la kitambaa hafifu, ila lishike ulielekeze juani uone kama limeliwa, utazame kwapani, ukosini na pindoni. Suruali itazamwe makalioni na katikati ya mapaja. Asiyetazama huko amenunua kiraka.

Fundi mwema ni bora kuliko duka jema. Mwambie aache akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma wa suruali na katika upindo, kwa kuwa karani wa miaka 25 na karani wa miaka 38 si kiuno kimoja; sisi ni mashahidi. Ukosi wa shati ukichanika pale unaposugua shingo, usilitupe shati. Fundi mwenye ujuzi huufumua ukosi, akaugeuza upande wa ndani uje nje, akaushona tena, na shati likapata maisha ya pili. Kazi hii ilikuwa ya kawaida zamani, nao mafundi vijana wengine hushangaa wakiombwa, lakini wakionyeshwa mara moja huielewa. Shati jeupe lisianikwe juani mchana kutwa, wala suruali ya buluu isipigwe pasi ya moto mkali juu ya uso wake bila kitambaa katikati, maana hung'aa makalioni na magotini kama sufuria.

Sasa turudi kwa yule mchuuzi wa furushi. Ipo kanuni ijulikanayo na kila mtumishi, kwamba makato ya madeni yasimwache mtu na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kanuni njema. Lakini deni la koti halimo katika hati ya mshahara. Limo katika daftari dogo la mchuuzi, na kanuni hailioni. Hivyo karani ambaye mkopo wa benki umekwisha kumfikisha kwenye theluthi yake, huichukua theluthi ile ile, iliyowekwa iwe chakula cha watoto, akaigawa tena mlangoni. Tumewaona vijana wanaokimbilia chooni siku ya mshahara wakisikia sauti ya mchuuzi ukumbini. Wamevaa vizuri sana vijana hao.

Tunayo haja moja kwa Chama. Kila mwaka ikikaribia Mei Mosi hutolewa kitambaa kipya au fulana mpya yenye maandishi ya mwaka ule, na kila mwanachama huchangia. Maandishi hayo yakipita tarehe 1 Mei hayana kazi ofisini, na fulana huishia kuoshea baiskeli. Tunaomba mkutano ujao uamue kwamba sare yetu ya Mei Mosi iwe shati jeupe au blauzi nyeupe, ambayo kila mtu anayo tayari, pamoja na utepe mdogo wa kitambaa wenye jina la Chama wa kubandikwa kifuani na kubanduliwa jioni. Asiye na shati jeupe ashone, naye atakuwa ameshona nguo ya kazini. Ikiwa wanachama watakubali, utepe uagizwe mapema, maana wiki ya mwisho ya Aprili mafundi hawashikiki.