Upara si Mtihani wa Uanaume

Kuna jibu moja lililozoeleka sana vinywani mwa watu, na kwa kuzoeleka kwake limevaa joho la hekima ingawa hekima haimo ndani yake. Jibu hilo hupewa mwanamume ambaye alipozaliwa aliandikwa kuwa msichana, akaishi na andiko lile mpaka likamshinda, akatafuta dawa ya testosteroni ili mwili wake ufuatane na nafsi yake. Na sasa, baada ya mwaka mmoja au miwili ya sindano, aona nywele zabaki katika kitana na paji la uso lapanda juu. Huuliza afanye nini. Huambiwa: "Si ulitaka kuwa mwanamume? Basi upara umo."

Nakusudia kulipinga jibu hili mbele ya wasomi, kwa kuwa nimelisikia kwa wasomi. Laiti lingekuwa mzaha mtupu ningelipita, maana mizaha juu ya vichwa ni ya kale. Lakini mzaha huu umebeba hoja. Hoja yenyewe ni kwamba anayezililia nywele zake hakukitaka kwa moyo wote kile alichokitaka. Kwamba mwanamume wa kweli huupokea upara kama shamba lipokeavyo kiangazi. Na kwamba huzuni ya mtu huyu ni ushahidi dhidi yake. Pimeni hoja hii kwa wanaume wengine muone kama itasimama. Suetonius atuarifu kwamba Julius Caesar aliuonea haya upara wake, akazichana nywele chache za utosini kuzileta mbele, na katika heshima zote alizotunukiwa hapana aliyoipenda kuliko haki ya kuvaa taji la majani wakati wote. Nabii Elisha alipodhihakiwa na vijana kwa upara wake aliwalaani, na Kitabu cha pili cha Wafalme chasema dubu wawili waliwararua 42 kati yao. Sijaona mwanahistoria aliyesema kwamba Caesar aliyatamani mavazi ya mkewe, wala mfasiri aliyesema kwamba hasira ya nabii ilimpunguzia uanaume. Mtu anayeingia duka la dawa leo kununua dawa ya nywele hadaiwi cheti cha kuzaliwa. Majonzi ni yale yale, kichwa ni kile kile. Kwa nini mmoja ahurumiwe na wa pili ashtakiwe?

Tena jibu lile si kali tu, bali ni la uongo. Testosteroni ilipata kutambuliwa na kutengenezwa maabarani mwaka 1935. Miaka minne baadaye, mwaka 1939, Mwingereza Michael Dillon, aliyezaliwa mwaka 1915 na kuandikwa msichana, alipewa vidonge vyake na daktari, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuvitumia kwa kusudi hili. Mwaka 1946 alitoa kitabu juu ya maadili na elimu ya homoni, mwaka 1951 akahitimu udaktari Dublin, na mwaka 1962 akafariki India akiwa amejiunga na watawa wa Kibuddha. Namtaja ili wale wasemao kwamba mambo haya ni mitindo ya vijana wa leo wajue kwamba dawa na mwanamume wa namna hii karibu ni marika.

Basi wakati Dillon akimeza vidonge vyake, huko Marekani mtaalamu wa maumbile James Hamilton alikuwa akichungua vichwa vya wanaume zaidi ya 100 ambao mapumbu yao yaliondolewa au hayakukomaa. Matokeo aliyatangaza mwaka 1942. Waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara, hata wale waliotoka katika koo za wenye upara. Wagiriki wa kale walikwisha kuliona hili, nalo limo katika maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates. Lakini Hamilton alikwenda mbele zaidi: aliwapa baadhi yao testosteroni. Waliokuwa na upara katika ukoo walianza kupoteza nywele. Wasiokuwa nao katika ukoo walibaki na nywele zao, dawa ni ile ile. Alipoikatiza, upotevu ulisimama, ila nywele zilizokwisha kwenda hazikurudi kujaa.

Hapa pana jambo zima. Testosteroni haipandi mbegu ya upara. Huimwagilia ile iliyokwisha pandwa na wazazi. Kusema kwamba upara umo ndani ya uanaume ni kama kusema kwamba kuzama kumo ndani ya ubaharia. Wanaume wangapi twawajua waliozikwa na nywele zao zote? Na wenye upara hawana testosteroni nyingi kuliko wenzao. Tofauti iko katika ngozi ya kichwa, katika urithi wa mashina ya nywele ambayo hudhoofika yanapoguswa na homoni. Kinachoyagusa hasa si testosteroni yenyewe, bali ni mtoto wake, dihaidrotestosteroni, ambayo huzaliwa kwa kazi ya kimeng'enya kiitwacho alfa-reduktesi. Kila msimu wa unywele huwa mfupi kuliko uliotangulia, na unywele mwembamba kuliko ndugu yake aliyeanguka, hata ukafika kuwa kama manyoya ya kifaranga. Na homoni hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, yaamrisha ndevu zimee kidevuni. Amri moja, mashamba mawili: moja lastawi, moja lakauka.

Sasa nisikilizwe kwa makini, maana nafika penye kinaya ambacho jibu lile la barazani halikijui. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walitangaza habari za watu wa kijiji cha Salinas katika Jamhuri ya Dominika. Palizaliwa pale, kwa urithi wa ukoo, watoto waliopungukiwa na kimeng'enya hicho nilichokitaja. Kwa kuwa maumbile yao ya nje yalifanana na ya kike, wengi wao walilelewa kama wasichana; walipobalehe sauti ilikuwa nzito, misuli ikatanuka, na wengi wakaendelea na maisha kama wanaume. Ndevu zao zilikuwa haba, na nywele zao za paji hazikurudi nyuma. Watengenezaji wa dawa walipoona hivyo walitafuta kidonge cha kukizuia kimeng'enya kile, na ndiyo finasteridi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1992 kwa tezi dume iliyovimba, na mwaka 1997 kwa upara. Sisemi kwamba watu wa Salinas na wanaume ninaowatetea ni jamii moja. Wale walizaliwa na upungufu unaojulikana, hawa hawakuzaliwa nao. Ninalosema ni hili: dawa ya upara ambayo mamilioni ya wanaume huimeza imetokana na elimu tuliyofundishwa na watu walioandikwa wasichana wakaishi wanaume. Na leo mtu wa kuandikwa msichana na kuishi mwanaume akiulizia kidonge hicho, aambiwe kwamba swali lake lamfichua!

Wapo na wapole, ambao hawamdhihaki. Wao husema: ni nywele tu. Hawa nawaona wabaya kidogo tu kuliko wa kwanza. Yafikirini maisha ya kijana wa miaka 23 ambaye tangu kuvunja ungo alikwepa kioo kama mtu akwepavyo mdai. Sasa sauti imeshuka, taya limepanuka, na kwa mara ya kwanza uso ulio kiooni ni wake. Umri wa furaha hiyo ni miezi kumi na minane. Katika mwezi wa kumi na tisa aona kipaji chaanza kuondoka. Mwanamume mwingine wa umri wake amekuwa na uso wake miaka 23. Huyu amepewa majuzi, na kabla hajauzoea wabadilika tena. Anayesema "ni nywele tu" hajajua ni nini kinachohesabiwa.

Wala sidai kwamba wote huhuzunika. Wapo wanaoushukuru upara, kwa kuwa huwalinda. Kichwa kilichorudi nyuma humfanya askari wa kizuizi cha barabarani asitazame mara mbili, na katika nchi ambamo kutazamwa mara mbili ni hatari, hilo si dogo. Wapo wanaojiona wamefanana na marehemu baba zao. Hao nao ni wanaume, na wale wanaolia ni wanaume. Kipimo hakimo katika upara wala katika kilio. Katika mabaraza yetu ya pwani kofia hufunika kichwa chenye nywele na kisicho nazo, na hapana mwenye adabu anayemwambia mzee avue tuthibitishe.

Sisi tunaofundisha Kiswahili tuna sehemu yetu katika lawama. Lugha yetu ina ukarimu ambao wenye lugha nyingine huutamani: yeye ni yeye, mwanamume au mwanamke, na msemaji hufika mwisho wa sentensi bila kumhukumu mtu. Walakini katika majina tumekuwa wachoyo. Kwa mtu huyu tuna matusi tele na majina machache. Wengine huandika transijenda. Mimi hupendelea kusema mwanamume aliyevuka jinsia, kwa kuwa kuvuka kwetu ni neno la safari, nalo halimtukani msafiri. Lakini mwanafunzi wa tiba akitaka kumweleza mgonjwa wake kwa Kiswahili habari za shina la unywele na homoni, hukuta rafu ya kamusi tupu, hurudi kwenye Kiingereza, na mgonjwa huondoka na nusu ya maana. Nusu ya pili huipata kwa rafiki, mara nyingi ikiwa imepotoka.

Na yaliyopotoka hudhuru. Kwa kuwa Afrika Mashariki mtu wa namna hii aghalabu hathubutu kujieleza kwa daktari, akihofu kwamba hofu yake ya upara itaandikwa kuwa ni majuto na dawa ikatizwe, hujipunguzia dozi kwa siri. Hapo hupata hasara mara mbili: damu ya mwezi yaweza kurejea, na nywele huenda zikaenda vile vile, maana kiasi kidogo cha homoni chatosha kulidhoofisha shina lililorithi udhaifu. Mwingine huacha kabisa. Kama ovari zake zimekwisha kutolewa, kuiacha homoni ni kuiacha mifupa bila mlinzi. Hayo ndiyo matunda ya ule mzaha, na waliouanza hawapo kuyavuna.

Daktari mwenye busara hana haja ya kumpima mtu moyo. Ana haja ya kumpa habari. Amwambie kwamba minoksidili, iliyoanza kama kidonge cha shinikizo la damu mwaka 1979 na kuruhusiwa Marekani kama dawa ya kupaka kichwani mwaka 1988, haiingiliani na kazi ya testosteroni, hivyo ndevu hazina cha kuogopa. Kwamba majuma ya kwanza nywele zaweza kupukutika zaidi, naye asishtuke. Kwamba akiiacha, faida huondoka katika miezi michache. Na kwamba chupa isiwekwe karibu na paka, kwani kwake ni sumu. Amwambie kwamba finasteridi yaweza kuchelewesha ndevu na mabadiliko mengine anayoyangoja, ndiyo maana matabibu wengi hushauri asubiri mpaka mabadiliko hayo yatulie, na kwamba wachache wanaoitumia hupungukiwa na hamu au huingiwa na huzuni nzito. Achague mwenyewe, akijua anachokichagua.

Yapo pia mambo ambayo daktari aliyezoea wanaume wengine hayamjii akilini. Finasteridi yaweza kuharibu maumbile ya kijusi cha kiume tumboni, na testosteroni si kinga ya mimba, ingawa wengi hudhani ndiyo, nayo yenyewe haifai kwa mja mzito. Daktari anayeandika kidonge kile bila kuuliza kama mgonjwa wake ana mji wa mimba, na kama huenda akashika mimba, amempa heshima ya jina na kumfanyia uzembe wa mwili. Kadhalika ile kanuni ya mitaani, kwamba mtu atazame kichwa cha babu mzaa mama, imetokana na ukweli kwamba jeni moja kubwa ya upara imo katika kromosomu ya X, na wanaume wengi hupata X moja tu, ile ya mama. Wanaume waliovuka jinsia kwa kawaida wanazo mbili. Ya pili imetoka kwa baba, na baba hana nyingine ya kutoa ila ile aliyo nayo. Kwa hiyo daktari amwulize habari za babu mzaa mama, kisha amwulize na za baba: alianza kupoteza nywele akiwa na umri gani?