Waifai ijaribiwe mbele ya mnunuzi, kabla ya franga kutoka mfukoni

Butembo. Ndugu wasomaji, na ninyi wahami wa vita mliopokelewa hapa Butembo na kule Beni, leo nazungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini linakula pesa za watu wasio na pesa.

Kijana mmoja, ambaye familia yake ilikimbia Kanyabayonga wakati M23 walipouteka mji huo mwezi wa Juni 2024, alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Mama yake alitoa faida ya makala anayouza, mjomba akaongeza. Muuzaji alikuwa ameweka Linux ndani, kwa sababu ni ya bure na haisumbuliwi sana na virusi. Nyumbani mashini iliwaka vizuri, ila waifai hakuna. Hata jina la mtandao mmoja halikuonekana. Aliporudi kwa muuzaji alijibiwa: "Linux ni hivyo." Mimi nasema hapana, Linux si hivyo.

Ndani ya kompyuta kuna kadi ndogo ya waifai. Ili ifanye kazi, inahitaji draiva, yaani programu inayojua kusema na kadi hiyo. Kadi nyingi zinahitaji tena faili la kiwanda, linaloitwa fimwea, ambalo hupakiwa ndani ya kadi kila mara mashini inapowashwa. Draiva nyingi za Linux ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuzisoma na kuzirekebisha. Lakini fimwea ni mali ya kiwanda. Broadcom, ambayo kadi zake zimo katika kompyuta nyingi za zamani, ilitoa draiva iliyo wazi mwezi wa Septemba 2010 tu, tena si kwa kadi zake zote. Na Debian, moja ya Linux za zamani zaidi, kwa miaka mingi haikuweka fimwea zisizo huru katika diski yake rasmi. Wanachama wake walipiga kura mwaka 2022 wakabadilisha jambo hilo, na tangu Debian 12, Juni 2023, zimo.

Kwa mtu mwenye kebo ya intaneti nyumbani, shida hiyo ilikuwa ya dakika kumi: anapakua faili lililokosekana, mambo yanaisha. Lakini hapa kwetu nani ana kebo? Mhami anayelala sebuleni kwa familia iliyompokea anategemea waifai peke yake. Apate intaneti, anahitaji draiva. Apate draiva, anahitaji intaneti. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Njia ya kutoka ipo. Chukua simu ya Android na kebo yake, iunganishe na kompyuta. Kwenye simu iliyo kwa Kifaransa tafuta «partage de connexion», uchague USB. Kwa kawaida Linux inaipokea bila draiva nyingine, na kompyuta inapata intaneti kwa mega za simu. Kama ni Ubuntu, fungua «Pilotes additionnels»: ikiwa kadi ni ya Broadcom, mara nyingi draiva yake inajitokeza hapo.

Kuna pia waifai inayoshika lakini inakokota miguu. Mara nyingine sababu ni kwamba mfumo unailaza kadi ili kuokoa betri. Katika Ubuntu kuna faili linaloitwa default-wifi-powersave-on.conf. Ndani yake nambari 3 ikigeuzwa 2, kadi hailazwi tena. Betri itaisha upesi kidogo, lakini kadi zingine zinaamka kabisa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu si kazi ya mhami kujifunza haya yote baada ya kulipa. Ni kazi ya anayeuza na ya anayetoa msaada. Muuzaji awashe waifai ya simu ya mnunuzi, aunganishe kompyuta, afungue ukurasa mmoja mbele yake. Dakika tano zinatosha. Mashirika yanayoleta kompyuta kwa vijana yafanye vilevile kabla ya kupiga picha za kukabidhi, na yaache draiva kwenye kitufe cha USB.

Wengine watasema: basi turudi kwa Windows. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa kiwanda tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kwa hiyo kompyuta za Linux zitaongezeka sokoni, tupende tusipende.

Yule kijana hakutaka kompyuta kwa michezo. Alitaka kutuma nakala ya diploma yake, ile iliyookolewa ndani ya mfuko wa plastiki siku ya kukimbia, na kuandikisha jina lake kwenye masomo. Muda wa kujiandikisha hauwangoji watu wanaotafuta draiva.

Ndugu muuzaji, jaribu waifai mbele ya mnunuzi. Na wewe mnunuzi, usitoe franga mfukoni kabla ya kuona ukurasa unafunguka.