Mkwe Mgeni na Haki ya Kufanya Kazi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, leo twaingia katika jambo linalonong'onwa sana barazani na kusemwa kwa nadra mimbarini: hali ya mtu aliyetoka ng'ambo, akaoa au akaolewa katika mji wetu, kisha akashindwa kumthibitishia mwajiri kwamba ana haki ya kufanya kazi.

Bandari ya Kale ilipokuwa ikipokea majahazi ya kaskazi ilikuwa ikipokea na wakwe. Watu wa Shihr na Mukalla, wa Unguja na Ngazija, walishuka, wakaoa Kibokoni na Kuze, wakafungua maduka. Zama hizo zimepita, lakini udugu haujakatika. Mabinti zetu wangali waolewa na watu wa pande hizo hizo. Ndoa ni halali, mahari yametolewa, mashahidi wameshuhudia, na bwana harusi ana pasipoti ya nchi nyengine.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani ya kuwa ndoa yenyewe ni kibali. Raia wa Kenya aweza kumwombea mwenziwe pasi ya mtegemezi, na pasi hiyo humpa mgeni ruhusa ya kukaa na ahali zake. Kazi haimpi. Mwenye kutaka kuajiriwa huhitaji kibali cha Daraja D, ambacho hufungamana na mwajiri maalumu, na mwajiri huyo hutakiwa aeleze ni kwa nini hakumpata Mkenya mwenye ujuzi ule. Mwenye kutaka kufanya biashara yake mwenyewe huelekezwa Daraja G, ambalo lataka mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Twauliza kwa heshima zote: ni mkwe gani wa Kuze aliye na fedha hizo, akawa bado aishi chumba cha kupanga?

Mwezi uliopita tulijiwa na mume na mke baada ya swala ya Alasiri. Mume ni fundi wa friji, mzaliwa wa Hadhramaut, mtu wa mikono miwili na adabu njema. Mke ni binti wa hapa hapa, apika mahamri na mbaazi alfajiri na kuuza mlangoni. Miezi kumi na minne tangu nikahi, nyumba yala kwa mahamri. Mume alikwenda kwa wenye karakana watatu. Wawili walimwomba kibali, wakamrudisha kwa upole. Wa tatu hakuomba kitu. Alimpa kazi kwa nusu ya ujira wa wenziwe, na mwisho wa mwezi akampa nusu ya ile nusu, akijua fika kwamba mtu yule hana pa kwenda kushitaki. Binti yule alituuliza, macho yake chini: je, masurufu ya nyumba yamemwanguka mumewe, au yamesamehewa?

Wale wawili waliomrudisha hatuwalaumu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 yamkataza mwajiri kumweka kazini mgeni ambaye hadhi yake haimruhusu kufanya kazi, na yamtaka ahakikishe kabla ya kumwajiri. Huyu wa tatu ndiye tumwambiaye wazi kwamba ujira wa mtu haugeuki halali kwa kuwa mwenyewe hana karatasi. Jasho ni jasho. Alichokizuia ni deni, nalo litaulizwa.

Ama suali la binti, tulimjibu hivi. Masurufu ni wajibu wa mume, hayaondoki. Anachokitoa mke katika mahamri yake ni ihsani, na akitaka kukihesabu kuwa deni juu ya mumewe, aseme mapema. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mke wa mume aliyeshindwa kukimu ana haki ya kutaka faskhi. Tulimtajia haki hiyo kwa sababu ni yake, si kwa sababu twampendelea aitumie. Mtu aliyefungwa mikono na sheria, naye ajitahidi kuifungua, sisi hatumweki safu moja na mtu mvivu.

Njia ya kufungua ipo, ila ni ndefu. Sheria ile ile yamruhusu mwenzi wa raia aliyekaa katika ndoa miaka isiyopungua mitatu kuomba ukaazi wa kudumu, na mwenye ukaazi huo aruhusiwa kufanya kazi. Ikifika miaka saba, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 15 yampa haki ya kuandikishwa uraia akiomba. Kabla ya Katiba hiyo haki ile ilikuwa ya mke mgeni wa mume Mkenya peke yake. Mume mgeni wa binti yetu hakuwa nayo. Yatakiwa pia ndoa iwe haikufungwa kwa ajili ya kutafuta uraia, na wawili wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Basi mume anayekwenda kutafuta riziki Ghuba ili asubiri miaka ipite na alijue hilo kabla ya kukata tiketi. Ama watoto, wao ni raia kwa kuzaliwa maadamu mama au baba ni raia.

Sasa tuje kwenye lililo letu sisi tunaofungisha nikahi. Miaka mitatu na miaka saba huhesabiwa kwa ushahidi, na ushahidi ni cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka nikahi ifungishwe na kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na Msajili, aandike, atoe cheti, na apeleke kumbukumbu kwa Msajili. Hata hivyo twaona karatasi zenye tarehe ya Hijria pekee, ambayo karani wa Uhamiaji hawezi kuisoma. Twaona cheti chenye majina mawili na laqabu, ilhali pasipoti ina majina manne na kabila. Mtu mmoja amekuwa watu wawili, na mwajiri akitazama hamwamini yeyote kati yao. Walii naye huuliza ukoo, huuliza swala, huuliza mahari. Pasi haiulizi.

Walioolewa Uingereza wana hali nyengine. Huko viza ya mwenzi humruhusu mtu kufanya kazi, na tatizo hubaki kwenye kuthibitisha. Kadi za plastiki zimeondolewa mwisho wa 2024. Mtu huingia katika akaunti yake ya uhamiaji mtandaoni, akatoa namba ya siri ya siku 90, akampa mwajiri pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa. Mabinti, akaunti hiyo iwe mikononi mwenu wenyewe, isiwe katika simu ya mume wala ya wifi.

Wenye ndoa za zamani zisizo na cheti na waende Mahakama ya Kadhi hapa kisiwani kuomba ndoa yao ithibitishwe. Waende na walii na mashahidi wangali hai. Wiki iliyopita tulimzika mzee mmoja wa Mkanyageni aliyekuwa shahidi wa nikahi tatu ambazo hazijaandikwa popote.