Gemu si za mafundi peke yao

Wiki hii kijiweni kwetu kumekuwa na ubishi mkali, na nimeona niumalizie hapa maana kule nilizidiwa sauti, si hoja (teh teh). Ubishi wenyewe ni huu: eti mtu anayecheza gemu nusu saa kwa siku hana haki ya kulalamika kwamba ni gumu. "Kama huwezi, futa." Wanaosema hivyo wote ni mafundi. Mimi nakataa.

Ukicheza mpira wa PlayStation peke yako dhidi ya kompyuta, kiwango cha ugumu unachagua mwenyewe. Ile ya EA Sports (wengi bado tunaiita FIFA ingawa jina lilibadilika 2023) ina ngazi ya anayeanza kabisa, inapanda mpaka ile ambayo kompyuta haikupi hata nafasi ya kugeuka. Sasa ingia mtandaoni ucheze na watu. Ile menyu ya kuchagua hakuna tena. Ugumu ni mtu, na mtu huyo anaweza kuwa dogo aliyeshika simu tangu asubuhi. Mimi Jumamosi namsaidia mjomba dukani Kariakoo, nafunga mizigo mpaka jioni, nikipanda gari nawasha bando la buku nicheze mechi mbili. Tunafanana wapi jamani?

Kwenye vibanda vya gemu vya mtaani mambo ni tofauti kidogo. Sheria inajulikana, aliyefungwa anampisha mwingine, na fundi anaweza kukalia benchi saa zima kwa hela za wenzake. Lakini hata pale kuna utu. Utasikia, "Chukua Madrid dogo, mimi niachie hiki kitimu kibovu." Watu wanaonana usoni, na mwenye kibanda naye anajua wageni wakikimbia biashara imekufa. Mtandaoni anayekufunga tisa hakuoni, na akimaliza anakuandikia kilaza.

Na msije mkaniambia kupunguza ugumu ni mambo ya kuiga. Nendeni mkawape shikamoo wazee wanaocheza bao, halafu muwaulize. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi za kuingiza moja moja. Hiyo hatua ya namua peke yake inamtoa mtu jasho. Ndiyo maana likawepo bao la kujifunza: kete zote zinapangwa mbili mbili kila shimo, hakuna za mkononi, mchezo unaanza. Sijawahi kusikia mzee akilalamika kwamba bao la kujifunza limeharibu bao.

Dawa ya kompyuta yenyewe ilitoka kwenye chesi. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia Marekani, alitunga hesabu ya kumpima mchezaji kwa pointi, na shirikisho la chesi la dunia likaipokea mwaka 1970. Ukimfunga aliyekuzidi sana unapata pointi nyingi, ukimfunga dhaifu unaambulia kidogo. Gemu nyingi za leo zinatumia mawazo ya aina hiyo kuwakutanisha watu wa kiwango kimoja. Na hapo ndipo mafundi wanapopiga kelele, eti kila mechi imekuwa kazi! Kumbe walichokuwa wanapenda ni mteremko. Wengine wanafungua akaunti mpya kabisa ili warudi chini kuwapiga wageni. Huo ndio ufundi?

Ila wenye gemu nao nina neno nao. PUBG Mobile inajulikana kwa kuwajazia wageni roboti. Unaingia, unaua kumi, unajiona komando, kumbe ulikuwa unapiga risasi midoli. Afadhali Fortnite, mwaka 2019 walitangaza wazi kwamba wanaingiza roboti. Sisi wa ualimu tunalijua hili: ni kumpa mtoto maksi za bure kidato cha pili halafu unamwacha akutane na Necta kidato cha nne. Yule Vygotsky tunayemkariri kila muhula hakusema mtoto adanganywe. Alizungumzia eneo lile ambalo peke yako huwezi, ila ukiwa na aliyekuzidi pembeni unaweza.

Tena hili la pembeni ndilo linaloniuma. Rumeti wangu amefuta gemu lake. Hakuwa anatafuta ubingwa, alikuwa anacheza na mdogo wake aliyeko Songea, ndiyo njia yao ya kupiga stori. Dogo kapanda ngazi. Wakiingia timu moja wanapangiwa wapinzani wa ngazi ya dogo, kaka mtu anakufa dakika ya kwanza, anabaki kutazama. Sasa wanapigiana simu, wanaulizana mama anaendeleaje, basi, kimya. Mafundi mnaosema "futa", huyo mmemsaidia nini?

Ninachotaka si kila mtu ashinde. Nataka uwanja wa kawaida usio na vyeo ubaki kuwa wa kawaida kweli, roboti waandikwe kuwa roboti, na timu yenye fundi na mgeni ipimwe kwa wote wawili, si kwa aliye juu tu.

Hayo ya wenye kampuni hatuna uwezo nayo. Bonanza la gemu la mwisho wa muhula ni letu. Napendekeza makundi mawili, la mafundi na la wapitisha muda, na rumeti wangu nimeshamwandika la pili bila kumuuliza. Fundi atakayejificha kwenye kundi la pili atanunua chipsi mayai kwa kundi zima, na sisi tunakula kweli kweli.