Kushindwa si Kukubali

Katika gemu ya mieleka ya WWE 2K16, pambano la kusalimu amri huamuliwa na duara. Vipande viwili vya rangi hufukuzana. Cha mshambuliaji kikikifunika cha mpinzani kwa muda wa kutosha, mpinzani anasalimu amri. Mnasema huo ni ufundi. Mimi nasema duara hilo halielewi maana ya kusalimu amri.

Tazameni pambano la Machi 23, 1997, WrestleMania 13, karibu na Chicago. Bret Hart amemkunja miguu Steve Austin, damu imemjaa usoni. Austin hasemi "basi". Anazimia, na mwamuzi, Ken Shamrock, anasimamisha pambano. Hart alishinda, lakini shujaa wa usiku ule alikuwa Austin. Najua yalipangwa. Hata tamthilia hupangwa.

Austin huyohuyo ndiye aliyepamba jalada la 2K16. Ajabu ni kwamba duara linajua majibu mawili tu: umejinasua au umekubali. Utashi umegeuzwa wepesi wa vidole. Kumshinda mtu ni jambo moja, kumfanya akiri ni jingine. Tupeni kitufe cha kukataa, hata kama bei yake ni kuzimia.