Handaki la Amsterdam: mwananchi aambiwe ukweli kabla ya ufa

Leo tuache kidogo siasa za nyumbani twende Amsterdam, Uholanzi. Mji ule umekaa juu ya tope. Nyumba za zamani za katikati ya mji zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa mpaka kwenye mchanga mgumu. Sasa jiji linakuja kukwambia litapitisha treni ya chini ya ardhi hapo hapo mtaani kwako. Ungelala usingizi?

Wenzetu wale walishaumwa na nyoka. Mwaka 1975, mtaa wa Nieuwmarkt, jiji lilibomoa nyumba ili kupitisha reli. Wakazi wakagoma kutoka, polisi wakaingia, ikawa vurugu kubwa. Reli ilijengwa, lakini wakubwa walipata somo: usibomoe mtaa. Ndiyo maana mradi uliofuata, Noord/Zuidlijn, wenye urefu wa kilomita 9.7, ulipangwa kutoboa chini kabisa kwa mashine, kufuata njia za barabara. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Juni 1997 wakapiga kura ya maoni. Wengi waliopiga walisema HAPANA. Lakini waliojitokeza hawakufika hata robo ya wapiga kura, kiwango kilichotakiwa hakikutimia, mradi ukaendelea. Kisheria sawa. Ila kwa mtazamo wangu hapo ndipo penye kosa la kwanza. Kupita kwa sababu watu wamebaki nyumbani si sawa na kukubaliwa. (Na nyie mnaosema kura haina maana, mmeona faida ya kubaki nyumbani?)

Kazi ilianza 2003. Maelfu ya vioo vidogo vya kupimia vilibandikwa kwenye kuta za nyumba, ili jengo likisogea kidogo tu ijulikane. Kilichokuja kuleta balaa wala hakikuwa mashine ya kutoboa. Ni shimo la kituo cha Vijzelgracht. Juni 2008 ukuta wa zege wa shimo ukavuja, maji yakaingia na mchanga, na nyumba za jirani zikatitia sentimita 15 hivi. Watu wakatolewa majumbani. Septemba mwaka huo huo, mtaa ule ule, yakajirudia, safari hii zaidi ya sentimita 20. Kumbe kipimo kinaona tu, hakizuii.

Februari 2009 kiongozi wa jiji aliyekuwa na dhamana ya mradi, Tjeerd Herrema, akajiuzulu. Ikaundwa kamati chini ya Veerman kuuliza swali gumu: tuendelee au tufukie? Jibu likawa tuendelee, lakini kwa namna nyingine. Jiji likaanza kusema hatari waziwazi badala ya kusifia mradi. Pale Rokin wakaweka sehemu ya wananchi kusimama na kuangalia kazi ikiendelea chini. Treni ilianza tarehe 22 Julai 2018, wakati mwanzoni walisema 2011. Gharama ilipita euro bilioni 3.

Najua wapo watakaosema: ukiwaambia watu hatari zote, hakuna mradi utakaojengwa. Mimi nabisha. Mradi huu ulikaribia kufa pale wananchi waliposhtukizwa, sio pale walipoambiwa. Mtu anaweza kuvumilia kelele na vumbi miaka kumi akijua kinachoendelea. Asichovumilia ni kuambiwa "msiwe na wasiwasi" Jumatatu, halafu Alhamisi mlango wa nyumba yake haufungi.

Kwa hiyo siku mradi wowote utakapofika mtaani kwako, iwe handaki, barabara au ghorofa la jirani, uliza maswali matatu mapema, kwa maandishi. Moja: nyumba yangu itapimwa na kupigwa picha kabla hamjaanza? Mbili: kipimo kikizidi, nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi siku hiyo hiyo? Tatu: ufa ukitokea, nampelekea nani madai, na ndani ya siku ngapi nitajibiwa?

Wakikujibu "tutaangalia", ujue hawajapanga. Wamechora ramani tu, na nyumba yako haimo.

Huo ni mtazamo wangu. Wewe ungepiga kura gani 1997? Mwaga maoni hapo chini, tujadili bila matusi.